Desiree Ellis

Desiree Ellis (amezaliwa Cape Town, 14 Machi 1963) ni kocha wa soka wa Afrika Kusini na kiungo wa zamani wa timu ya taifa ya wanawake ya nchi hiyo, Banyana Banyana. Aliiongoza timu hiyo kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake (WAFCON) mwaka 2022.

Alikulia Salt River, akacheza soka ya klabu Cape Town. Miaka yake mizuri ya uchezaji iliangukia wakati Afrika Kusini ilipokuwa imefungiwa na FIFA kwa sababu ya siasa za ubaguzi wa rangi. Kifungo hicho kiliondolewa mwaka 1992. Banyana Banyana ilipocheza mechi yake ya kwanza, tarehe 30 Mei 1993 dhidi ya Swaziland (leo Eswatini), Ellis alikuwa na umri wa miaka 30, umri ambao wachezaji wengi huanza kufikiria kustaafu. Timu ilishinda 14-0, naye akafunga mabao matatu. Baadaye akawa nahodha, na mwaka 2002 akatundika daluga baada ya Afrika Kusini kuchukua ubingwa wa COSAFA, mashindano ya nchi za kusini mwa Afrika, jijini Harare.

Benchi la ufundi la taifa halikumpokea mara moja. Alifundisha soka Cape Town, na mwaka 2014 akateuliwa kuwa msaidizi wa Vera Pauw, kocha kutoka Uholanzi. Pauw alipoondoka baada ya Michezo ya Olimpiki ya Rio 2016, Ellis alipewa ukaimu, akaumaliza mwaka huo kwa nafasi ya nne katika fainali za Afrika nchini Kamerun. Alikaimu kwa zaidi ya mwaka, na hata ubingwa wa COSAFA wa 2017 aliuchukua akiwa bado kaimu. Alithibitishwa Februari 2018. Ni subira ndefu mno kwa mtu aliyeijua timu hiyo tangu siku yake ya kwanza.

Mwaka huohuo, nchini Ghana, aliifikisha timu fainali ya Afrika na kuipatia tiketi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia. Nigeria ilishinda fainali kwa mikwaju ya penalti, na huko Ufaransa mwaka 2019 Afrika Kusini ilipoteza mechi zote tatu za makundi. Miezi michache baadaye Botswana iliitoa kwa penalti katika mbio za kufuzu Olimpiki. Ellis hakuondolewa, na uvumilivu huo wa shirikisho la soka la Afrika Kusini ulilipa.

Morocco 2022 ndiyo kazi yake kubwa. Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kupoteza fainali tano za mashindano haya. Ilianza kwa kuifunga Nigeria 2-1, kisha ikaishinda Burundi 3-1, katika mechi ambayo mshambuliaji wake tegemeo, Thembi Kgatlana, aliumia na kukosa michezo yote iliyofuata. Bila yeye, timu ilishinda mechi tatu mfululizo kwa bao 1-0. Katika fainali jijini Rabat, tarehe 23 Julai, mabao mawili ya Hildah Magaia yaliwazima wenyeji 2-1. Mechi sita, ushindi mara sita.

Kombe la Dunia la 2023 lilitanguliwa na mgogoro wa malipo kati ya wachezaji na shirikisho. Timu ilitoka sare 2-2 na Argentina, na jijini Wellington Kgatlana akafunga dakika za nyongeza kuiondoa Italia kwa 3-2. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Banyana katika Kombe la Dunia, nao uliwafikisha 16 bora, ambako Uholanzi iliwatoa kwa 2-0.

Wasomaji wa Tanzania wanamfahamu kwa karibu. Februari 2024 timu yake iliifunga timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, Twiga Stars, 3-0 Dar es Salaam katika kufuzu Olimpiki, lakini Julai 2025, katika fainali za Afrika nchini Morocco, Tanzania iliibana kwa sare ya 1-1. Afrika Kusini ilimaliza fainali hizo nafasi ya nne.

Shirikisho la soka la Afrika (CAF) limemtunuku Ellis tuzo ya kocha bora wa soka ya wanawake mara nne: 2018, 2019, 2022 na 2023.