Kutoka Mpunga hadi Wali: Msamiati wa Chakula na Historia ya Kujitegemea



Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, neno kujitegemea lilienea hotubani, madarasani na mashambani kwa nguvu ambayo halikupata kuwa nayo kabla. Wengi walilielewa kuwa ni kutohitaji cha mtu mwingine. Methali yetu husema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hata hivyo, msamiati wa chakula unatufunulia maana iliyo pana zaidi. Hoja yangu ni kwamba, kwa watu wa mwambao na bara lake, kujitegemea kwa chakula kulikuwa ni kuijua na kuimiliki kazi yote iliyoko baina ya mbegu na sahani, hata kama mbegu yenyewe ilitoka ng'ambo.

Tuanze na mpunga. Mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa kukuta kwamba kitu anachokiita kwa jina moja sisi tuna majina matatu: shambani ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukishaiva ni wali. Baina ya majina hayo kuna kazi. Mpunga hupurwa, hutwangwa kinuni, hupepetwa kwa ungo. Makapi na wishwa hutengwa, wala chenga hazitupwi. Chunguni hubaki ukoko, unaogombaniwa na watoto.

Nazi nayo ina ngazi zake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, hatimaye mbata. Mwenye mnazi hachumi ovyo. Dafu ni la kunywa, koroma bado haijakomaa, nazi ndiyo ya kukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu, na mbata ni ya mafuta. Tui zito la kwanza, kasimile, halichanganywi na tui jepesi linalofuata. Huongezwa mwishoni, chakula kikikaribia kuiva. Utamu wa wali wa nazi umo katika utaratibu huo, na kila hatua yake imepewa jina na watu waliokuwa wakiifanya kwa mikono yao.

Mimea hiyo yenyewe ina historia ndefu. Uchimbaji wa kiakiolojia kisiwani Pemba umeonyesha kuwa wakazi wa Tumbe, baina ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi mawele, ilhali huko Chwaka, kuanzia karne ya 11, mpunga ulishika nafasi kubwa. Mpunga huo na mnazi asili yake ni Asia. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika baada ya Wareno kufika, ingawa jina mahindi linatuelekeza India. Sukari ni neno la Kiarabu. Chapati na achari zimetujia kutoka Bara Hindi. Lakini tazameni vitenzi: kulima, kutwanga, kupepeta, kukoboa, kupika. Hivyo ni vya Kibantu. Nomino nyingi zilisafiri pamoja na bidhaa. Kazi ilibaki na maneno ya nyumbani.

Wala tusidhani kwamba zamani kila mji ulijilisha wenyewe. Ibn Battuta, aliyefika pwani hii mwaka 1331, alikirimiwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, malimau ya achari na embe. Kuhusu Mombasa alieleza kuwa wakazi wa kisiwa hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka bara. Karamu ya mjini ilisimama juu ya jembe la shamba.

Karne ya 20 ilitupa funzo chungu. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulikutana na operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, na Tanzania ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje wakati neno kujitegemea likiwa midomoni mwa kila kiongozi. Mkulima aliyehamishwa aliacha nyuma udongo alioujua na majira aliyoyasoma. Maarifa hayo hayakubebeka pamoja na vyombo vyake.

Sipendekezi turudi kwenye kinu na mchi. Kutwanga kulikula saa nyingi za wanawake, na mashine ya kusaga iliwapunguzia mzigo ambao wanaume hawakuushiriki. Tunachopaswa kukiogopa ni kupotea kwa maarifa. Kijana anayejua mchele na wali tu, asiyejua wishwa, chenga wala kitale, atanunua kila hatua asiyoweza kuitaja.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi mlio hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika desturi za Waswahili, kitabu kikachapishwa mwaka 1903, na Sacleux akachapisha kamusi yake mwaka 1939. Kwa kazi zao tunayo maneno ambayo leo ni adimu kusikika. Mwendapo likizo, kaeni jikoni na shambani pamoja na bibi na babu zenu. Ulizeni jina la kila chombo, kila hatua na kila kilichobaki baada ya kupepeta, mkayaandike pamoja na namna kazi inavyofanywa. Wajuzi wa maneno hayo ni wazee, na muda wa kuwauliza si mrefu.