Wangari Maathai: Msomi Kijana Aliyeirudisha Elimu Kijijini

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, parokia nyingi huwasindikiza vijana wake kwenda vyuo vikuu kwa sala na baraka, na mara nyingi kwa michango ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Wazazi huuza ng'ombe au kipande cha shamba, na wafadhili wa mbali na wa karibu hujitolea. Baada ya miaka mitatu au minne kijana anarudi na shahada, na hapo ndipo linapozuka swali ambalo familia nyingi huliogopa: je, elimu hii ni mali ya nani? Je, ni ngazi ya kupandia kijana mmoja na kuwaacha wengine chini, au ni dhamana aliyokabidhiwa kwa ajili ya wengi?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa njia ya maisha ya Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mwanamke wa kwanza kutoka Barani Afrika kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwaka 2004. Ndani ya maisha yake yanaonekana mambo matatu ambayo programu nyingi za ufadhili wa masomo leo hii zinawadai wasomi vijana wa Afrika: uongozi, utafiti na huduma kwa jamii.

Kutoka Ihithe hadi Kansas

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Wakati huo wasichana wengi wa vijijini hawakupelekwa shule. Kaka yake ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shuleni kama wao, na mama, ambaye kazi yake ilikuwa shamba na jembe, akaona hakuna sababu ya kumzuia. Swali moja la mtoto na jibu moja la mama vikafungua njia.

Akiwa na umri wa miaka 11 alijiunga na shule ya bweni ya Mtakatifu Sesilia, Misheni ya Mathari, iliyokuwa chini ya Masista Wakonsolata kutoka Italia. Hapo akawa Mkatoliki na kushiriki katika Lejio ya Maria. Baadaye aliendelea na sekondari kwa Masista wa Loreto, Limuru, akahitimu mwaka 1959.

Huo ulikuwa wakati ambapo uhuru ulikuwa unabisha hodi, na nchi ilihitaji wasomi wake yenyewe. Tom Mboya, kiongozi kijana wa wafanyakazi, alizunguka Marekani akitafuta nafasi katika vyuo na nauli za ndege kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ukakubali kugharimia safari hiyo, na mwezi Septemba takribani vijana 300, Wangari akiwa mmoja wao, wakavuka bahari.

Alisoma katika Chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, jimbo la Kansas, kilichoongozwa na Masista Wabenediktini, akapata shahada ya kwanza katika baiolojia mwaka 1964. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilimtunuku shahada ya uzamili. Angeweza kubaki ng'ambo, lakini alichagua kurudi.

Mlango uliofungwa

Wangari alirudi Nairobi akiwa na barua ya kumpa kazi ya msaidizi wa utafiti. Alipofika aliambiwa kwamba nafasi hiyo imekwisha kupewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kwamba alinyimwa kwa sababu ya kuwa mwanamke na kwa sababu ya kabila lake. Jambo hili linastahili kutajwa wazi, kwa maana vijana wetu wengi wanalifahamu kwa uchungu: kusoma kwa bidii, kurudi kwa moyo mwema, kisha kukuta mlango umefungwa.

Miezi kadhaa baadaye Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, alimpa kazi katika idara mpya ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 Wangari akapata shahada ya uzamivu, na kuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na mwaka uliofuata profesa mshiriki.

Utafiti unaofungua macho

Kati ya mambo aliyoyachunguza ni kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe wengi Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilimtoa maabara na kumpeleka malishoni, kuwakusanya kupe kutoka masikioni mwa ng'ombe. Huko aliona mambo ambayo hakutumwa kuyatafuta. Mito ilikuwa myekundu kwa udongo uliochukuliwa na mvua kutoka vilimani. Ng'ombe walikuwa wamekonda kwa kukosa majani, na watu nao walikuwa na dalili za kukosa lishe. Akatambua kwamba tishio kubwa kwa mifugo na kwa wafugaji halikuwa kupe peke yake, bali ardhi iliyokuwa inakufa.

Nyumbani Ihithe alikuta mkuyu mkubwa aliokua akiuona umekatwa. Mama yake alikuwa amemkataza kuokota kuni kwenye mti huo, kwa kuwa Wakikuyu waliuheshimu mkuyu, yaani mugumo, kama mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito alichochezea utotoni, nacho kilikuwa kimekauka. Sayansi aliyojifunza sasa ikamweleza hekima ya wazee wake: mizizi ya mti ule ilishika udongo na kuyapa maji njia ya kutokea juu.

Huduma: miti saba na wanawake wengi

Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, Wangari aliwasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza shida zao: kuni zimekuwa mbali, maji safi ni haba, chakula hakitoshi. Hakuwahutubia kwanza, aliwasikiliza. Jibu lake lilikuwa rahisi kiasi cha kuchekwa: tupande miti.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, ilipandwa miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Harakati ya Ukanda wa Kijani. Wataalamu wa misitu walidhani kazi ya kuotesha miche yahitaji watu wenye vyeti. Wangari akawahimiza wanawake watumie ujuzi walio nao: wakusanye mbegu za miti ya asili karibu na nyumba zao, waziangalie zinavyoota, wafundishane. Kila mche ulioshika uliwaletea malipo madogo, na kwa wengi hicho kilikuwa kipato chao wenyewe. Kufikia wakati wa Tuzo ya Nobeli, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Uongozi wenye gharama

Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge. Alizuiwa kugombea, na aliporudi kazini akakuta nafasi yake haipo tena, akapoteza pia nyumba aliyokuwa akiishi. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, mahali pa mapumziko ya wananchi wa kawaida. Alidhihakiwa hadi bungeni, lakini mradi uliachwa. Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura uliokuwa unagawiwa kwa watu binafsi. Karibu miaka minne baadaye wananchi wa Tetu walimchagua kuwa mbunge wao. Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011.

Haifai kumfanya awe kile ambacho hakuwa. Wangari aliwashukuru masista waliomlea, lakini pia aliwakosoa wamisionari kwa kuwafanya watu waidharau heshima ya kale kwa miti na milima. Ukosoaji huo nao ni sehemu ya urithi wake, na Kanisa linalotafakari juu ya utamadunisho halina sababu ya kuuogopa. Mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko katika Waraka wa Laudato si' alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Wanawake wa Nyeri walikuwa wamelijua hilo kwa mikono yao.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu elimu ya juu

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Katiba ya Kitume Ex corde Ecclesiae ya tarehe 15 Agosti 1990, alieleza kwamba utafiti katika chuo kikuu cha Kikatoliki unapaswa kutafuta umoja wa maarifa, majadiliano kati ya imani na akili, kujali maadili, na mtazamo wa kitaalimungu. Hati hiyo inavitaka vyuo vikuu vihudumie jamii, hususan kwa kuchunguza matatizo makubwa ya nyakati kama vile umaskini, haki, amani na utunzaji wa mazingira. Mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo unatufundisha kwamba kosa la yule mtumishi wa tatu halikuwa kupoteza alichopewa, bali kukizika ardhini.

Hata hivyo, dhamana hii ina pande mbili. Parokia inayomsomesha kijana kisha haimpi nafasi ya kutumia ujuzi wake nayo imezika talanta. Msomi wa kilimo asiyeulizwa lolote kuhusu shamba la parokia, au mhasibu kijana asiyealikwa kwenye kamati ya fedha, anafundishwa pole pole kwamba nyumbani hahitajiki.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, ni vijana wangapi wa Jumuiya yetu wapo vyuoni, na ni nani anayewatembelea au kuwapigia simu wakiwa huko?

2. Wanaporudi likizo, je, tunawauliza wamejifunza nini, au tunawauliza tu watapata kazi lini?

3. Je, katika kijiji au mtaa wetu kuna kijito kilichokauka, yaani tatizo linaloonekana wazi, ambalo msomi kijana angeweza kulichunguza pamoja nasi?

4. Je, kuna msichana ambaye bado anamsubiri mtu wa kuuliza kwa niaba yake kwa nini haendi shule?