Vyuma, Mizani na Mafuta: Historia ya Kupunguza Unene kwa Mazoezi ya Nguvu

Katika historia ndefu ya watu kutafuta namna ya kupunguza unene, maswali mawili yamechanganywa mara nyingi kana kwamba ni moja: uzito upungue kwa kiasi gani, na ni kitu gani hasa kinachopaswa kupungua ndani ya uzito huo. Swali la kwanza hujibiwa na mizani yoyote ya dukani, ilhali la pili linadai mwili utenganishwe katika sehemu zake, yaani mafuta kwa upande mmoja, na misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani kwa upande mwingine, sehemu ambazo wataalamu huziita kwa pamoja tishu zisizo na mafuta. Wanyanyuaji vyuma wa Uingereza na Marekani walilizingatia swali la pili mapema kuliko madaktari wengi, na ikiwa baadaye kukimbia kulipata sifa ya kuwa dawa kuu ya unene, sifa hiyo ilitokana zaidi na hofu ya ugonjwa wa moyo kuliko na uchunguzi wa mafuta yenyewe.

Mwanzo wa maandishi ya kisasa juu ya kupunguza unene huwekwa mwaka 1863, pale William Banting, mwenye biashara ya mazishi mjini London, alipochapisha kijitabu kilichosimulia jinsi alivyopungua takriban kilo 21 kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, kwa ushauri wa daktari wake William Harvey. Kinachosahauliwa katika kijitabu hicho ni kwamba Banting alikuwa amejaribu mazoezi kwanza. Alishauriwa kupiga makasia katika mto Thames alfajiri, naye akafanya hivyo kwa bidii. Misuli yake ilipata nguvu, lakini njaa nayo ikazidi, akala zaidi ya alivyokuwa akila, uzito ukaongezeka, mpaka akaambiwa aache. Somo walilolichukua wasomaji wake ni kwamba chakula ndicho chenye neno la mwisho, na miaka 30 hivi baadaye somo hilo lilipewa vipimo na Wilbur Atwater wa Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Connecticut, ambaye aliwafungia watu katika chumba maalumu kilichopima joto la miili yao na hewa waliyoivuta, ili kulinganisha nishati ya chakula walichokula na nishati waliyoitumia. Tangu hapo kalori, kipimo cha nishati ya chakula, ikaingia katika lugha ya jikoni, na unene ukaanza kuhesabiwa kama hesabu za duka: kilichoingia, kilichotoka, na baki.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, ila haikusema baki hilo linatunzwa wapi mwilini, wala upungufu wake unalipwa na tishu gani. Waliolikaribia jambo hilo hawakuwa wanasayansi bali watu wa majukwaani. Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg aliyepata umaarufu London mwaka 1889 kwa kuwashinda wababe wa kunyanyua mizigo, aligundua kwamba watazamaji walivutiwa na umbo la mwili wake kuliko mizigo aliyoinyanyua. Tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa katika ukumbi wa Royal Albert Hall shindano kubwa la miili, ambalo yeye aliliamua pamoja na mwandishi Arthur Conan Doyle na mchongaji sanamu Charles Lawes, na washindani wakapimwa kwa ulinganifu wa mwili mzima. Kwa mara ya kwanza mbele ya umati mkubwa, mwili ulihukumiwa kwa muundo wake na si kwa kilo zake, na kuanzia hapo kila kizazi cha wanyanyuaji vyuma kilirithi jicho hilo: mtu mzito anaweza kuwa hana mafuta mengi, na mtu mwepesi anaweza kuwa nayo.

Mfano ulio wazi zaidi wa mazoezi ya nguvu kutumiwa na mtu wa kawaida ili kupunguza unene unatoka kwenye ufuko wa Santa Monica, California, ambako katika miaka ya 1930 wanasarakasi na wanyanyuaji vyuma walikusanyika kila mwisho wa juma mahali palipokuja kuitwa Muscle Beach. Abbye Stockton, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa opereta wa simu, na kazi ya kukaa kitini kutwa ilikuwa imemwongezea uzito asioupenda. Les, mchumba wake ambaye baadaye alikuwa mumewe, alimletea dambeli, yaani vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja mmoja, na kutoka hapo akaendelea mpaka akawa mmoja wa watu mashuhuri wa ufuko ule, aliyeweza kunyanyua juu ya kichwa chuma cha takriban kilo 45 huku amesimama juu ya viganja vya mumewe. Kuanzia mwaka 1944 aliandika safu ya wanawake katika jarida la Strength & Health, lililotolewa na Bob Hoffman wa York, Pennsylvania, na mwaka 1948 akafungua ukumbi wa mazoezi wa wanawake katika barabara ya Sunset Boulevard, Los Angeles.

Umuhimu wa Stockton katika historia hii ni mkubwa kuliko unavyotajwa kwa kawaida. Wakati wake wanawake walitishwa kwamba vyuma vingewapa miili ya kiume, ilhali umbo lake lenyewe, lililosambazwa kwa picha nchi nzima, lilikuwa ushahidi wa kinyume. Zaidi ya hayo, alianza mazoezi miaka mingi kabla ya dawa za homoni za kujenga misuli kuenea katika kumbi za vyuma, jambo lililotokea baada ya dawa moja ya aina hiyo kuanza kuuzwa Marekani mwaka 1958. Miili ya mashindano ya miaka ya 1960 na 1970 haiwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi safi wa kile ambacho vyuma na chakula peke yake vinaweza kufanya, hata kama waliokuwa nayo walifanya kazi kubwa ya kweli. Wa Stockton unaweza.

Wakati uleule Stockton alipokuwa akijijengea jina, daktari wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, alikuwa akitafuta namna ya kupima kwa namba kile ambacho Sandow alikipima kwa macho. Kanuni aliyoitumia ni ile ya kale ya Archimedes: kitu kilichozamishwa majini huonekana kupungua uzito sawasawa na uzito wa maji kinayoyasukuma. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, na misuli na mifupa ni mizito kuliko maji, mtu anayepimwa kwanza nchi kavu, kisha akapimwa akiwa amezama kabisa, baada ya kutoa hewa yote anayoweza kuitoa mapafuni na kutulia bila kutikisika mpaka mizani isomwe, huonyesha kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili sehemu gani ya mwili wake ni mafuta. Katika ripoti ya mwaka 1942, Behnke na wenzake waliwapima hivyo wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, na ikaonekana kwamba 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa kuwa wazito mno kwa mujibu wa majedwali ya urefu na uzito, ilhali wengi wao walikuwa na mafuta machache. Hapa mizani ya kawaida ilivuliwa mamlaka yake, na inasikitisha kwamba ofisi nyingi za afya ziliendelea kuitegemea peke yake kwa miongo mingi iliyofuata.

Kizuizi kingine kilikuwa imani kwamba vyuma huufanya mwili ukakamae. Peter Karpovich, mwalimu wa fiziolojia katika chuo cha Springfield huko Massachusetts, aliishika imani hiyo mpaka mwaka 1940, Hoffman alipomletea chuoni wanyanyuaji wake, akiwemo John Grimek, aliyeshinda taji la Mr. America mwaka huo. Baada ya maonyesho Karpovich alimwomba Grimek ajikune katikati ya mgongo, akitarajia kwamba mikono yenye misuli minene kiasi kile isingefika, naye Grimek akajikuna bila shida. Karpovich hakuishia kwenye mshangao. Mwaka 1951 yeye na William Zorbas walichapisha matokeo ya kuwapima wanyanyuaji vyuma 300 na wanaume 300 wasionyanyua, na waliozoea vyuma ndio waliozungusha mkono kwa kasi zaidi.

Kufikia hapo ingetarajiwa kwamba mazoezi ya nguvu yangekuwa ndiyo mazoezi ya kwanza kupendekezwa kwa watu wanene, lakini mkondo ukageuka. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa ya London, waliokaa kutwa nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi hayohayo. Kwa Wamarekani, ambao moyo ulikuwa umeshakuwa muuaji wao mkuu, swali la dharura likawa ni mazoezi gani hulinda moyo. Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alilijibu mwaka 1968 kwa kitabu chake Aerobics, kilichotoa alama kwa mazoezi ya pumzi, yaani mwendo mrefu usiokatika kama kukimbia, kuogelea na kuendesha baiskeli, na kikavipa vyuma nafasi ndogo. Kitabu cha Jim Fixx juu ya kukimbia, cha mwaka 1977, kikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilipotoa mwongozo wake wa mwaka 1978 kililenga mazoezi ya pumzi, na kililazimika kusubiri mpaka mwaka 1990 ndipo kikaongeza mazoezi ya nguvu, angalau mara mbili kwa wiki. Jibu la swali la moyo lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kulihamishia kwenye swali la mafuta bila kulijaribu upya.

Majaribio yalikuja baadaye. Mwaka 1999 Randy Bryner na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliwaweka watu 20 kwenye mlo wa kalori 800 tu kwa siku kwa wiki 12, kundi moja likifanya mazoezi ya pumzi na jingine likinyanyua vyuma. Makundi yote mawili yalipungua uzito, lakini la kwanza lilipoteza pia tishu zisizo na mafuta, ilhali la vyuma lilizihifadhi. Haki inadai itajwe pia kwamba watetezi wa vyuma walitia chumvi. Ilienezwa kwamba misuli iliyoongezeka huchoma kalori nyingi mtu akiwa amelala, wakati kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takriban kalori 13 tu kwa siku. Na mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipowalinganisha watu 119 kwa miezi 8 bila kuwabadilishia chakula, waliofanya mazoezi ya pumzi walipungua mafuta zaidi kuliko wa vyuma, ambao kwa upande wao waliongeza misuli. Maana yake ni kwamba vyuma bila mpango wa chakula haviondoi mafuta mengi. Kazi yake hasa huonekana pale mlo unapopunguzwa, kwa kuwa misuli inayotumiwa kubeba mzigo mzito huhifadhiwa na mwili, na upungufu wa nishati hulipwa zaidi kutoka kwenye akiba ya mafuta.

Mwaka huohuo wa 2012 ushahidi mwingine ulitoka kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe 30, wawindaji na waokota matunda ambao wanaume wao hutembea karibu kilomita 11 kwa siku, kwa kuwanywesha maji yenye atomu zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo ili kujua nishati yote wanayoitumia. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyoitumia kwa siku haikutofautiana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini, ingawa Wahadzabe walikuwa na mafuta machache zaidi. Matokeo hayo yaliitikisa dhana kwamba kila kilomita ya mwendo huongezwa tu juu ya hesabu ya siku, dhana ambayo mapendekezo mengi ya kukimbia ili kupungua yalikuwa yamejengwa juu yake tangu siku za Cooper, na yaliirudisha sehemu kubwa ya hesabu hiyo kwenye chakula, mahali ambapo Banting alikuwa ameiacha.