Njaa ya Mtunya na Homa ya Mwaka 1918 katika Nyanda za Kati

Wengi wa watu waliobatizwa wakiwa watu wazima katika nyanda za kati, katika miaka ya 1920 na 1930, walikuwa watu waliookoka. Haiwezekani kueleza jinsi walivyoipokea shule, kazi ya mshahara na hata Neno lenyewe bila kueleza kwanza yaliyowapata kati ya mwaka 1917 na 1920.

Vita Kuu ya Kwanza iliifikia Dodoma kwa reli na kwa miguu. Majeshi ya Mjerumani yaliporudi nyuma yalichukua ng'ombe na nafaka. Waingereza walioingia mjini mwishoni mwa Julai 1916 walichukua tena yaliyosalia, pamoja na vijana kwa maelfu wa kubeba mizigo ya jeshi. Katika nchi ambayo mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, ghala la uwele na mtama ndilo uhai, na ng'ombe ndio akiba ya siku ghala linapokwisha. Vyote viwili viliondoka pamoja. Kisha mvua zikakosekana. Wagogo, ambao huzipa njaa zao majina kama wengine wanavyowapa watoto, waliiita njaa hiyo Mtunya, yaani kunyang'anyana.

Juu ya njaa hiyo ikaja homa. Ulimwengu uliiita Homa ya Kihispania, jina la uonevu kidogo, kwa sababu Hispania haikupigana vita na magazeti yake yaliruhusiwa kuuandika ugonjwa ambao wengine waliuficha. Iliingia Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1918, ikifuata meli, treni na njia za wapagazi. Baada ya von Lettow-Vorbeck kusalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, askari na wapagazi wake waliletwa Kigoma, kisha Tabora kwa reli, na kambini huko wengi walikufa kwa homa hiyo. Reli hiyohiyo hupita Dodoma.

Homa hii ilikuwa na tabia mbaya ya pekee: iliwaua sana watu wa umri wa kufanya kazi. Nayo ilikuja wakati wa kupanda. Katika tembe, nyumba pana ya udongo yenye mlango mdogo, ambamo watu hulala pamoja karibu na moto na ndama, mgonjwa mmoja alitosha kuwaangusha wote. Shamba lisilopandwa Desemba halivunwi Juni, hata mvua ikinyesha. Makisio ya utawala wa Kiingereza ni kwamba watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo walikufa katika miaka ile. Ni nani aliyekufa kwa njaa na ni nani kwa homa, pengine hata waliozika hawakuweza kutenganisha.

Waliobaki walibadili mipango. Zamani kijana alijua njia yake: kuchunga, kulima, kupata ng'ombe za mahari, kuoa, na kuwaweka baadhi ya mifugo kwa rafiki wa nchi nyingine ili ukame usimkute na mayai yote kwenye kiota kimoja. Zizi lilipokuwa tupu, njia hiyo ilifungwa. Akatafuta shilingi relini au katika mashamba ya mkonge upande wa mashariki, akanunua ng'ombe mmoja mmoja. Kuondoka nyumbani, jambo lililokuwa la shida, likawa sehemu ya ujana. Wapo wazazi waliowakabidhi watoto kwa jamaa, hata kwa wageni wenye chakula, na si wote waliorudi. Yatima wengi walilelewa katika koo zisizo zao. Kuliita jambo hili maendeleo, kwa sababu lilileta fedha na shule, ni kusahau bei iliyolipwa.

Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, ni mtoto wa Mtunya. Alisoma kwa Wakatoliki, akawa mwalimu, kisha mtumishi wa serikali, akaandika historia ya Wagogo na kuwapa Watanzania ngonjera. Babu yake asingaliweza kumtabiria maisha ya namna hiyo.

Kwa Walutheri, miaka hiyo ilikuwa ya kuachwa pia. Wamisionari wa Leipzig waliokuwa wameanza kazi Iramba kabla ya vita waliondolewa nchini, na ndugu wa Augustana kutoka Marekani walifika huko katika miaka ya 1920. Katikati ya vipindi hivyo imani ililindwa na wenyeji, ambao nao walikuwa wakizika.

Gonjwa la UVIKO-19 lilipothibitishwa nchini Machi 2020, shule zilifungwa hadi Juni, lakini makanisa hayakufungwa. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni, na watu wakaacha kupeana mikono, jambo gumu kwa watu wa nyanda za kati ambao salamu zao ni ndefu. Chanjo ilianza kutolewa tarehe 28 Julai 2021. Safari hii ghala halikuwa limechukuliwa na majeshi mawili, na waliougua waliwakuta nyumbani vijana wa kulima.