Chupa Kandoni mwa Uwanja

Meli iliyowachukua wanamichezo wa Marekani kwenda Amsterdam katika mwaka wa 1928, kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki, ilipakia pia shehena isiyojua kukimbia wala kuogelea: makasha 1,000 ya Coca-Cola. Kinywaji hicho kilikuwa na umri wa miaka 42. Kilibuniwa Atlanta mwaka 1886 na muuza dawa aliyeitwa John Pemberton, na hapo mwanzo kiliuzwa kwa gilasi katika maduka ya dawa, kikisifiwa kuwa ni tiba ya maumivu ya kichwa na uchovu. Robert Woodruff, aliyekabidhiwa uongozi wa kampuni mwaka 1923, ndiye aliyeazimia kwamba soda ile ipatikane popote alipo binadamu mwenye kiu. Na ni wapi palipo na kiu kuliko uwanja wa michezo? Tangu safari ile ya Amsterdam, kampuni hiyo haikuachana tena na Olimpiki.

Kiswahili cha siku hizi huuita uhusiano wa namna hii udhamini. Neno lenyewe limekwisha kukubalika, walakini lina kivuli kinachofaa kuangaliwa. Mdhamini, kwa asili ya neno, ni mtu ajitiaye rehani kwa ajili ya mwenziwe. Mwenziwe akishindwa kulipa, yeye hulipa. Kampuni ya soda haijitii rehani hata kidogo. Timu ikifungwa, kampuni haifungwi. Mashindano yakiingia deni, deni ni la wenye mashindano. Mwenye kutoa fedha hapa ni mnunuzi sokoni, na bidhaa anayoinunua haipimwi kwa ratili wala kwa pishi, maana ni mapenzi ya watu. Mtu aupendao mchezo huwa moyo wake umefunguka, na jina lolote litakaloonekana mbele yake katika saa ile huingia bila ya kubisha hodi.

Kwa miaka mingi biashara hii ilikwenda kwa mwendo wa kuviziana. Mjini Helsinki, mwaka 1952, Coca-Cola ililetwa kwa chombo kilichokuwa zamani cha kuteremshia askari pwani katika Vita Kuu ya Pili, na Wafini wengi wakaionja kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo Avery Brundage alichaguliwa kuwa mkuu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, naye alikuwa mtu aliyechukia biashara michezoni kama mcha Mungu achukiavyo ulevi. Alitawala hadi 1972. Soda ilibaki mlangoni muda wote huo, ikiuzwa vibandani, ila ndani ya viwanja vya Olimpiki matangazo hayakuruhusiwa. Katika kandanda hapakuwa na mwiko kama huo. Mbao za matangazo za Coca-Cola zimekuwa kandoni mwa viwanja vya Kombe la Dunia tangu mashindano ya Brazil ya mwaka 1950.

Miongoni mwa wanamichezo wa Helsinki alikuwamo Mbrazil mmoja wa mchezo wa mpira wa majini, João Havelange, ambaye alikuwa amekwisha kuogelea katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuufungua mlango wote. Lakini haiwezekani kueleza aliufunguaje bila ya kwanza kueleza malalamiko ya Afrika.

Shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, liliongozwa tangu 1961 na Sir Stanley Rous, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa shule na mwamuzi wa mpira mwenye sifa, ambaye mwaka 1938 alizipanga upya sheria za mchezo huu. Alikuwa mtu safi wa mkono, mwenye kuamini kwamba mpira na siasa ni vitu viwili. Imani hiyo ndiyo iliyomponza. Afrika Kusini ilisimamishwa uanachama mwaka 1961 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Rous akaenda huko kuchunguza, na mwaka 1963 kifungo kikaondolewa, kisha kikarudishwa mwaka 1964 baada ya wajumbe wa Afrika na Asia kukataa katakata. Tena, katika mashindano ya 1966 yaliyochezwa Uingereza, Afrika nzima haikupewa hata nafasi moja iliyo yake: bingwa wake alitakiwa apambane kwanza na washindi wa mabara mengine. Nchi za Afrika, zikihimizwa na Ghana ya Kwame Nkrumah, zilijitoa zote. Nafasi moja ilipatikana kwa mashindano ya 1970, nayo ikachukuliwa na Moroko. Moja tu, kwa bara zima.

Havelange aliyasikia malalamiko hayo na akayafanyia hesabu. Katika FIFA kila nchi ina kura moja, iwe Brazil iwe Burundi. Alisafiri kwingi kuomba kura, akaahidi kwamba Kombe la Dunia litapanuliwa, kwamba yatakuwapo mashindano ya vijana ambayo nchi changa zinaweza kuyaandaa, na kwamba walimu na waganga watatumwa kufundisha. Mnamo tarehe 11 Juni 1974, mjini Frankfurt, alimshinda Rous kwa kura 68 dhidi ya 52. Ndipo tatizo lilipoanza, kwa kuwa ahadi zilikuwa nyingi na hazina ya FIFA ilikuwa ndogo. Mkono mtupu haulambwi, na walompigia kura walikuwa wakiungoja mkono huo.

Watu wawili ndio waliomtafutia fedha. Horst Dassler alikuwa wa ukoo wenye kiwanda cha viatu cha Adidas. Patrick Nally alikuwa kijana wa Kiingereza mjuzi wa matangazo. Fikira ya Nally ilikuwa nyepesi kuielewa na nzito kwa matokeo yake. Badala ya kuuza ubao mmoja hapa na mwingine pale kwa kila atakayekuja, mashindano yauzwe kama fungu zima: mbao zote, nembo, jina, na haki ya kuuza vinywaji; na kila aina ya biashara iwe na mwenyewe mmoja tu. Akipatikana mwenye soda, mwenye soda mwingine asiingie. Kampuni ya Atlanta ilichukua muda kushawishika, lakini kufikia 1976 mapatano yalikuwa tayari. Kwa fedha hizo ulianzishwa mpango wa mafunzo uliopeleka wataalamu katika Afrika, Asia na Amerika ya Kati kufundisha ukocha, uamuzi, uganga wa michezo na uendeshaji wa vyama. Kijana wa Kiswisi aliyeajiriwa mwaka 1975 kuushughulikia aliitwa Sepp Blatter.

Tunda la kwanza lililoonekana kwa macho liliiva Tunisia mwaka 1977. Timu 16 za vijana zilikutana huko, tatu kati yake za Afrika, yaani wenyeji wenyewe, Moroko na Kodivaa, wakashindania kikombe ambacho jina lake lilikuwa na neno Coca-Cola ndani yake. Mjini Tunis, katika fainali, Wasovieti walitoka sare na Meksiko kwa mabao 2 kwa 2, wakashinda kwa mikwaju ya penalti, 9 kwa 8. Basi vijana wa dola la kikomunisti wakalibeba kombe lenye jina la soda ya Kimarekani, wakati ambapo nchini mwao soda ya Kimarekani iliyoruhusiwa kutengenezwa ilikuwa ya mshindani wake, Pepsi. Historia ina mzaha wake.

Msomaji mwenye insafu hatakosa kukiri kwamba ahadi zilitimizwa. Mashindano yale ya vijana yameendelea hadi leo. Ndiyo yaliyomwonyesha Diego Maradona kwa ulimwengu katika Japani mwaka 1979, na ndiyo ambayo Ghana iliyatwaa huko Misri mwaka 2009, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Kombe la Dunia lilikuzwa kutoka timu 16 hadi 24 mwaka 1982, na Afrika ikapeleka mbili, Algeria na Kamerun. Katika hayo, haki iliyodaiwa tangu 1966 ilipatikana kwa njia ambayo Rous asingeifuata. Ni jambo la kuumiza kidogo kwamba uadilifu wa mkono wa Rous haukuwafaa Waafrika kitu, na kwamba aliyewafaa ni mtu ambaye nyaraka za mahakama ya Uswisi, zilizotolewa hadharani mwaka 2012, zilionyesha kuwa alikula rushwa katika uuzaji wa haki za mashindano hayohayo. Havelange alijiuzulu urais wa heshima mwaka 2013, akafariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 100.

Lakini mwenye kununua fungu zima hununua na yale asiyoyataka. Kombe la kwanza ambalo Coca-Cola iliingia kama mdhamini rasmi lilichezwa Argentina mwaka 1978, chini ya majenerali waliotwaa nchi kwa nguvu mwaka 1976. Fainali ilichezwa katika uwanja wa River Plate mjini Buenos Aires. Na si mbali na hapo lilikuwapo jengo la chuo cha jeshi la majini ambamo watu waliokamatwa kwa siri waliteswa. Kelele za mabao ziliweza kufika huko. Mbao za soda zilikuwa mahali pake, safi na nyekundu, na hapana aliyezisoma vibaya. Hii ndiyo hali ya udhamini isiyopendwa kusemwa: jina lililowekwa kando ya furaha ya watu limewekwa pia kando ya kila kitu ambacho furaha ile inakifunika.

Olimpiki nayo ilifuata njia hiyohiyo, na habari yake ni fupi. Montreal iliingia katika deni kwa michezo ya 1976, deni lililokwisha kulipwa mwaka 2006. Los Angeles, mwaka 1984, ikachagua wadhamini wachache waliolipa sana, Coca-Cola mmojawapo, ikapata faida ya zaidi ya dola milioni 200. Baada ya hapo Kamati ya Olimpiki haikuhitaji kushawishiwa. Katika mwaka wa 1990 Athens iliomba iandae michezo ya 1996, iliyokuwa ya kutimiza miaka 100; ikashindwa na Atlanta, mji wa Coca-Cola, na Wagiriki wengi wakaona kwamba soda imelishinda hekalu la Parthenon.

Hapo hapana budi kutaja sukari. Chupa ya mililita 330 ya Coca-Cola ya kawaida ina gramu 35 hivi za sukari, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hii isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ipatikanayo katika chakula, ambayo kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 50 kwa siku. Chupa moja na nusu, na mgao wa siku umekwisha. Mchezaji aliye mbioni huiunguza sukari ile. Aliyekaa jukwaani au mbele ya televisheni haiunguzi, na huyo ndiye aliyelengwa. Ilipotokea mwezi Juni 2021 mjini Budapest kwamba Cristiano Ronaldo alizisogeza kando chupa mbili za Coca-Cola mezani na kuinua ya maji, watu walifurahi kuliko tendo lenyewe lilivyostahili. Zilienezwa habari kwamba kampuni ilipoteza dola bilioni 4 kwa mkono ule, ingawa bei ya hisa ilikuwa imeanza kushuka kabla yake kwa sababu nyingine. Furaha ile ilitokana na kuona kwamba mtu mmoja ameigusa chupa ambayo kwa desturi haiguswi.

Nguvu ya mnunuzi ilijidhihirisha wazi mwaka 2015. Viongozi wa FIFA walipokamatwa Zurich mwezi Mei, nchi wanachama zilimchagua Blatter tena baada ya siku mbili tu. Mwezi Oktoba Coca-Cola, pamoja na wadhamini wengine watatu, ilitamka kwamba aondoke mara moja. Kabla ya wiki kupita alikuwa amesimamishwa na kamati ya maadili. Sababu za kusimamishwa zilikuwa za kisheria, na uchunguzi ulikuwa umekwisha kuanza. Hata hivyo kura za wanachama na neno la wenye fedha vilikuwa vimewekwa juu ya mizani mbele ya watu wote.

Katika Afrika ya Mashariki kampuni hii iliandaa kwa miaka kadhaa mashindano ya vijana yaitwayo Copa Coca-Cola, katika Kenya, Tanzania na Uganda. Na mwishoni mwa mwaka 2009, Kombe la Dunia lilipokaribia kuchezwa Afrika Kusini, kombe lenyewe la dhahabu lilizungushwa barani kwa safari iliyogharimiwa na Coca-Cola, likafika Nairobi na Dar es Salaam. Kanuni yake ni kwamba hakuna wa kuligusa isipokuwa wakuu wa nchi na wachezaji waliopata kulishinda. Wengine walipanga foleni wapigwe picha kando yake. Si Kenya wala Tanzania iliyokuwa imewahi kufuzu kulichezea.