Shelisheli, Kisiwa cha Waliopelekwa

Hapa Azaiba ukitaja shelisheli, wengi wetu linatujia kwanza lile tunda la Unguja na Pemba, la kupikwa kwa nazi, ambalo tunalitamani na hatulipati kila siku. Visiwa vyenye jina hilohilo tunavitaja mara chache, na tukivitaja basi ni habari ya matembezi. Lakini watu wa kwetu walifika Shelisheli zamani, wala hawakwenda kwa hiari yao.

Baina ya 1861 na 1874 manowari za Kiingereza zilishusha huko watu wapatao 2,500 waliokamatwa baharini ndani ya majahazi ya watumwa. Wamakua na Wayao walikuwamo, na watoto wengi. Waliambiwa wako huru, kisha wakagawiwa kwa wenye mashamba, wengi wao wa asili ya Kifaransa, wawafanyie kazi kwa miaka ya mkataba. Uhuru gani huo, mtu asioweza kurudi kwa mamake? Mwaka 1876 wamisionari wa CMS walifungua shule ya watoto hao juu ya mlima wa Mahé, mahali palipoitwa Venn's Town. Wakakua, wakaoa na kuolewa hukohuko, na watoto wao wakasema Krioli.

Kisha wakaletwa wafalme. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, maadui wa jana waliounganishwa na vita dhidi ya Mwingereza, walikamatwa pamoja Aprili 1899, wakapitishwa Kismayu, na mwaka 1901 wakafikishwa Shelisheli. Tayari alikuwako Prempeh, mfalme wa Asante. Hawa hawakuvunja mawe kama wafungwa wa kawaida. Adhabu yao ilikuwa bahari, na ndani ya nyumba zao iliingia kwa mlango mwingine: kanisa. Mwanga alibatizwa akaitwa Danieri, Kabalega akaitwa Yohana, na Kanisa la Anglikana halikumkubalia muumini zaidi ya mke mmoja. Kwa mfalme aliyekuwa na wake wengi, ubatizo maana yake ni kuamua nani abaki kuwa mke. Tungependa kuwasikia wanawake wenyewe hapo, si makasisi peke yao.

Mwanga alimwacha mwanawe, Daudi Chwa, akiwa mtoto wa mwaka mmoja, na Waingereza wakamkalisha mtoto huyo kwenye kiti cha babake. Baba alikufa Shelisheli mwaka 1903, umri wake hata arubaini haujatimia. Mwana alimpokea mwaka 1910, mifupa. Kabalega naye aliachiwa mwaka 1923, akiwa mzee, akafia Jinja njiani, kabla ya kuiona Bunyoro yake, ambako mwanawe Duhaga alikuwa anatawala.

Na sisi je? Sisi tunaye Sayyid Khalid bin Barghash. Habari ya Agosti 1896 kila mtu anaijua: jumba la kifalme lilipigwa mizinga kwa dakika kama arubaini, watu wapatao 500 wakafa au kujeruhiwa, yeye akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani. Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya Wajerumani ilimfuata mpaka ukingoni mwa ubalozi ili asikanyage ardhi ya Unguja. Akaishi Dar es Salaam miaka ishirini. Waingereza walipomkamata mwaka 1916, alihamishiwa St Helena na Shelisheli. Babake, Sayyid Barghash, aliwahi kupelekwa Bombay mwaka 1859 kwa kumpinga nduguye Majid, lakini yeye alirudi akatawala.

Kwenye mabaraza yetu kisa cha Khalid husimuliwa kwa huzuni, na ni haki yake. Ila wale 2,500 hatuwasimulii, na baadhi ya majahazi waliyoshushwa yalipakia Kilwa na Unguja, chini ya bendera ya ami yake Majid na ya babake mwenyewe. Sayyid Barghash ndiye aliyetia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa, tena kwa kulazimishwa. Khalid alipofika Shelisheli, wajukuu wa watu wale walikuwa wenyeji, na yeye ndiye mgeni. Hatimaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akakaa Mombasa, akafa hapo mwaka 1927. Wao walibaki.