Saba na Fungate: Historia ya Namba Moja katika Kiswahili cha Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Katika Barabara ya Kilwa, wilayani Temeke, kuna kituo cha daladala kiitwacho Sabasaba. Kituo kimepata jina kutokana na viwanja vya maonesho ya biashara, navyo viwanja vimelipata kutokana na tarehe: siku ya saba ya mwezi wa saba. Katika mitaa ya wilaya hiyohiyo zimo nyumba ambamo mtoto hufanyiwa akika siku ya saba, makanisa ambamo sakramenti huhesabiwa saba, makanisa mengine ambayo waumini wake huabudu siku ya saba, na shule za msingi ambamo "la saba" ni jina la darasa na, kwa yule aliyeishia hapo, ni hukumu ya kijamii pia. Hali ni hiyohiyo Kinondoni. Wingi wa mifano si jambo la kushangaza. Linaloshangaza ni wepesi ambao mifano hiyo hukusanywa katika kapu moja, kisha ikahitimishwa kwamba saba ni namba takatifu kwa wanadamu wote.

Makala haya yanapinga wepesi huo. Neno lina historia yake na desturi ina historia yake, na si lazima historia hizo mbili ziwe zimepita njia moja. Kwa upande wa Kiswahili, ushahidi wa lugha unaonesha kwamba hazikupita njia moja.

2.0 Neno lililoondoka katika hesabu

Kiswahili kina majina mawili ya namba hii, ingawa wazungumzaji wengi hawatambui kwamba la pili lilikuwa jina la namba. Mfuatano wa zamani wa kuhesabu ulikuwa na tandatu, fungate na kenda mahali ambapo leo pana sita, saba na tisa. Matatu haya ya leo yametoka katika Kiarabu: sitta, sab'a, tis'a. Kwamba fungate ni urithi kunathibitishwa na lugha za jirani. Kigiriama kina tahu (3), handahu (6) na fungahe (7). Kingazija kina mfukare (7). Uwiano wa t ya Kiswahili na h ya Kigiriama katika tatu/tahu, tandatu/handahu na fungate/fungahe ni wa kanuni, na ushahidi wa aina hiyo ndio unaotumika kuziweka lugha hizi katika kundi la Sabaki, kama walivyofanya Nurse na Hinnebusch (1993). Hata Kisambaa, kilicho nje ya kundi hilo, kina mfungate.

Maelezo yanayorudiwa mara kwa mara kuhusu asili ya neno hili ni kwamba limetokana na kufunga vidole vitatu: ukivifunga vitatu katika kumi, vinabaki saba. Dhana hii inavutia, na kuhesabu kwa vidole kumeacha alama katika lugha nyingi za Kibantu. Hata hivyo, irabu ya mwisho ya fungate inabaki bila maelezo. Tatu huishia na -tu, na hakuna kanuni ya kawaida inayoigeuza -tatu kuwa -te. Afadhali dhana hiyo ichukuliwe kuwa pendekezo.

Kwa nini fungate iliondolewa? Jibu linalotolewa haraka ni dini, lakini umbo la mfumo mzima wa namba linaelekeza kwingine. Makumi yote kuanzia ishirini hadi tisini ni ya Kiarabu, na mia na elfu pia. Moja hadi tano, pamoja na nane na kumi, zimebaki za Kibantu. Mkopo wa namna hii, unaogusa zaidi hesabu kubwa, unafanana na kazi ya dukani na daftari la mfanyabiashara kuliko kazi ya mimbari. Ikiwa utakatifu ndio ulioileta saba, itabidi ielezwe pia ni utakatifu gani ulioileta tisa.

Upatanisho wa kisarufi nao unatoa taarifa, ila unahitaji tahadhari. Husemwa watu watano na watu wanane, lakini watu saba. Kutopatanishwa peke yake hakuthibitishi ukopaji, kwani kumi, ambayo ni ya Kibantu, nayo haipatanishwi. Kinachoonekana ni kwamba nane imebaki kama kisiwa: inapokea viambishi ilhali majirani zake wa pande zote mbili, saba na tisa, hawapokei.

3.0 Juma lenye tano mbili

Akika hupendekezwa siku ya saba baada ya kuzaliwa. Hija ina mizunguko saba ya Al-Kaaba na safari saba kati ya Safaa na Marwa, na Sura ya Al-Fatiha ina aya saba. Katika Ukristo, juma la uumbaji hukamilika kwa siku ya saba ya mapumziko. Orodha hii inajulikana na haina haja ya kurefushwa. Lenye tija zaidi ni kuangalia Kiswahili kilivyolipokea juma lenyewe la siku saba.

Jumamosi ni siku ya kwanza, kwa hesabu inayoanza baada ya Ijumaa. Hesabu hiyo inaendelea hadi Jumatano, siku ya tano. Inayofuata ingetarajiwa kuwa ya sita, lakini inaitwa Alhamisi, kutoka Kiarabu al-khamis, maana yake "ya tano", kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zilizofuatana, na halina siku yenye jina la sita wala la saba. Mifumo miwili iliunganishwa, na mshono ukaachwa wazi.

Katika juma hilo ndimo walimoingia Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903 na ambao leo wana makanisa katika pande zote za Dar es Salaam. Siku yao ya saba inaangukia siku ambayo Kiswahili kinaiita ya kwanza. Sikio la Mswahili husikia saba ndani ya Sabato, na wapo wanaodhani kwamba Msabato ni "mtu wa siku ya saba" kwa maana ya neno lenyewe. Kietimolojia sivyo. Sabato inatokana na shabbat ya Kiebrania, yenye mzizi wa kukoma au kupumzika, ilhali saba ya Kiebrania ni sheva, neno lenye asili moja na sab'a ya Kiarabu. Mfanano umezaliwa upya ndani ya Kiswahili, na pengine ndio unaolifanya jina hilo likae vizuri kinywani.

Miezi inaleta utata mwingine. Mwezi wa saba wa ofisini na shuleni ni Julai. Mwezi wa saba wa kalenda ya Kiislamu ni Rajabu. Lakini wazee wa pwani walihesabu miezi kuanzia kufungua kwa Ramadhani, na kwao Mfunguo Saba ni Rabiu Thani, mwezi wa nne wa kalenda ya Kiislamu. Tukiongeza na saa saba ya mchana, ambayo mishale ya saa ya ukutani huionesha kuwa moja, tunapata saba nne zisizoangaliana. Utakatifu wa namba hauwezi kueleza tofauti hizi. Zinaelezwa na swali moja la kawaida: kila mfumo unaanza kuhesabu wapi?

4.0 Tarehe iliyogeuka jina

TANU ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, ikirithi Tanganyika African Association. Hakuna haja ya kutafuta siri katika tarakimu hizo. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini tarehe hiyo ilipata jina wakati nyingine hazikupata. Tarehe 5 Februari ina uzito mkubwa katika historia ya vyama: Afro-Shirazi Party ilianzishwa siku hiyo mwaka 1957, na CCM siku hiyohiyo mwaka 1977. Hakuna aliyeiita "Tano Mbili".

Sababu ni ya kisarufi. Kiswahili hurudufu namba ili kuonesha mgawanyo, kama katika wawili wawili au kumi kumi. Saba Saba ilikuta umbo hilo limekwisha zoeleka, na Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti, ikafuata kigezo hichohicho. Nchini Kenya jina lilelile lilibeba siasa zenye mwelekeo wa kinyume. Saba Saba ya huko ni tarehe 7 Julai 1990, siku ya mkutano wa Kamukunji jijini Nairobi uliopigwa marufuku, ambao Kenneth Matiba na Charles Rubia waliuitisha kudai vyama vingi na wakawekwa kizuizini kabla haujafanyika. Upande mmoja wa mpaka jina linakumbusha kuzaliwa kwa chama kilichokuja kutawala, upande wa pili linakumbusha upinzani dhidi ya chama tawala.

5.0 Saba ya wanasayansi

Sayansi nayo huitwa kutoa ushahidi, na mara nyingi ushahidi wake hulegea unapoguswa. Robo ya mwezi mwandamo ni takriban siku 7.4, wala si saba kamili. Sayari saba za watu wa kale zilihesabiwa pamoja na jua na mwezi. Newton kwanza alitaja rangi kuu tano za mwanga, kisha akazifikisha saba ili zilingane na ngazi ya muziki. Mwanafunzi wa Temeke anayekariri nyekundu, machungwa, njano, kijani, bluu, nili na urujuani anakariri uamuzi huo. George Miller (1956), aliyeipa saba umaarufu katika saikolojia ya kumbukumbu, alimaliza makala yake akishuku kwamba huenda mfanano huo ni sadfa tu, na tafiti za baadaye za Nelson Cowan (2001) ziliushusha uwezo huo hadi karibu vitu vinne.

Mfano unaofaa zaidi uko angani. Kundi la nyota ambalo Wagiriki waliliita mabinti saba, Waswahili huliita Kilimia, kutokana na kulima, na jina lenye asili hiyohiyo linapatikana hadi kwa Wazulu, isiLimela. Macho ya kawaida huona nyota sita hivi. Mkulima wa Kibantu hakuona sababu ya kuzihesabu, kwani alichohitaji ni kujua msimu.

6.0 Fungate ilibaki wapi

Baada ya kuondolewa katika hesabu, fungate ilibaki katika arusi, ikiwa jina la siku saba ambazo bibi na bwana arusi walikaa ndani, wakihudumiwa na somo au kungwi. Inashawishi kusema kwamba hapa Uafrika ulijificha chumbani huku Uarabu ukitawala sokoni. Lakini sunna iliyopokewa na Anas bin Malik inamwelekeza mume mwenye mke mwingine akae siku saba na bibi arusi aliye bikira, na siku tatu na aliyewahi kuolewa. Inawezekana basi kwamba fungate ni neno la Kibantu linaloitaja desturi iliyopata kipimo chake kutoka katika Uislamu, wakati saba, neno la Kiarabu, linahesabu nyanya katika soko la Tandika bila dini yoyote. Anayetumia asili ya neno kuthibitisha asili ya desturi atakosea mara mbili katika lugha hii moja.

Mabadiliko hayajakoma. Katika kumbi za arusi za Kinondoni na Temeke, "wameenda fungate Zanzibar siku tatu" ni sentensi isiyomshtua msikilizaji, na magazeti husema fungate ya kiongozi mpya imekwisha baada ya miezi kadhaa. Kwa wazungumzaji hao neno halina namba tena. Kamusi inayoifafanua fungate kwa siku saba peke yake inaeleza matumizi ya bibi zao. Ile itakayoziondoa siku saba itafuta ushahidi wa mwisho, ndani ya Kiswahili Sanifu, kwamba lugha hii iliwahi kuwa na saba yake yenyewe. Kidahizo hiki kinahitaji maana mbili, ya namba ikitangulia na kuwekewa alama ya kale, pamoja na fungahe na mfukare katika maelezo ya asili yake.